Chomoa Plagi Kwanza

Kabla hujaigeuza, chomoa plagi kwanza.
Si kwamba nakuona mjinga, Shekue.
Naona vidole vyako, kumi kamili,
nikamkumbuka Mwakombo aliyenifunza kazi hii
akihesabu mshahara kwa vinane.

Haya. Ilaze. Si upande huo!
Kabureta iangalie juu,
la sivyo oili itaingia kwenye chujio
na kesho tutavuta kamba mpaka bega liteguke,
na Bi Nargis pale barazani
atakitua kikombe chake, aulize taratibu,
"Kwani maji ya betri yamekwisha?"
Haina betri, Bi. Ina hasira tu.

Tazama tumboni mwake.
Huo ugando wa kijani ni wa wiki iliyopita,
umeshika kama ukoko wa sufuria.
Tulikata na umande, nikaona uvivu kuukwangua,
nikajiambia kesho.
Hapa Kizingo kesho haipo.
Chumvi huruka ukuta usiku, haibishi hodi;
ikikuta chuma kimelowa, hukaa kitako.
Kwangua kwa kipande cha mbao, brashi ya waya baadaye.
Mpira wa maji uache huko huko bombani.
Futa kwa tambara, kisha oili kuukuu, kidogo,
kama unampaka mtoto mafuta akitoka kuoga.

Kisu hutoka kwa spana ya kumi na saba.
Tupa iende mbele tu. Ikirudi, iinue.
Ishirini huku, ishirini kule,
halafu kitundike kwa tundu lake la katikati
kwenye ule msumari wa mlango wa stoo.
Kikiinamia upande, upande huo ndio mzito,
upunguze.
Nimeoa mara mbili, nikaachana mara mbili,
sijaona kadhi mwadilifu kama msumari huu.

Kisu butu hakikati, kinanyofoa.
Siku ya pili ncha za ukoka huwa rangi ya chai ya maziwa
na Bi Nargis hulilaumu jua.

Sasa hizo zilizokatwa.
Hapo ndipo tunapokosana na watu.
Bwana wa nyumba ya pili huzichoma,
moshi mbichi ukaingia kwenye shuka za majirani.
Wengine husukumia mtaroni, mvua ya mwezi wa tano ikija
wanauliza maji yametoka wapi.
Mimi nilijiona mwerevu: nikajaza gunia,
nikampelekea Nyevu kule Mishomoroni, kwa mbuzi wake.
Gunia lilikuwa limeshinda juani.
Nilipotia mkono ndani nilikutana na joto,
joto la homa, la kitu kinachougua,
na bado nikalimwaga.
Usiku mbuzi mmoja akavimba tumbo.
Nyevu hakunigombeza. Alinipa chai.
Heri angenigombeza.

Tangu hapo, zikiwa fupi na kavu naziacha papo hapo,
ukoka ule ukoka,
hata Bi Nargis akiziita uchafu.
Zile ndefu za masika tunampelekea Nyevu, lakini si zizini.
Huzianika kutwa, akazitandaza chini ya bamia,
unene wa vidole vitatu, basi.
Ukizirundika zinateleza, zinanuka
kama tango lililosahauliwa kwenye mfuko.
Na zile tulizomwagia petroli Jumatano ile,
mimi na wewe tunajua ziko wapi. Zikae huko.

Yangeyange hao wamefika.
Wanaijua siku yetu kuliko sisi.
Watatufuata nyuma wakiokota panzi,
shingo mbele, mikono mgongoni,
wakaguzi wa kaunti waliokosa la kuandika.

Rudisha plagi. Kaza kwa mkono, spana iwe mwisho.
Fungua petroli. Vuta.

Vuta tena.

Mwakombo alikuwa hasemi bismillahi mpaka mara ya tatu.
Mbili za mwanzo, akisema,
ni za mashine kutujua.