Jiwe la Mia na Tisa

Hapa Maweni mtu hulipwa kwa jiwe, si kwa jua.
Ukilivunja pembe, hasara ni yako.

Siku hiyo nilikuwa na mia na nane,
nikitaka mia na kumi, nikanunue unga na sabuni.
Upande wa mikoko palikuwa na tuta la mawe
limekaa kama mtu aliyejifunika shuka akalala.
Nikasema, Mungu kanirahisishia, haya yamekwisha kung'olewa.
Nikatoa la kwanza, nikalichonga, nikalipanga na wenzake.
Mia na tisa.

La pili lilikuwa limelalia mkono.

Si mkono wa kutisha. Vifupa vidogo, rangi ya chai ya maziwa,
na shanga tatu za kombe, zimetobolewa
na mtu aliyenishinda subira.
Ngowa akatua sururu.
"Kwetu," akasema, "maiti haamshwi bila kuambiwa sababu."
Mimi sababu nilikuwa nayo moja: unga.

Akaja Bi Mwanaesha Bunu wa makumbusho
na utepe wa kupimia na brashi ya kupakia rangi,
akapiga magoti kwenye vumbi letu.
Nikamuuliza, ni Muislamu? Hajui.
Kabila gani? Hajui.
Wa zamani ipi, basi?
"Kabla ya minara. Kabla ya kibla.
Labda kabla kisiwa hiki hakijaitwa Manda."
Na wenyewe ni nani?
Akanitazama mimi.

Wakasimamisha nguzo nne na kibao:
ENEO LA URITHI. MARUFUKU KUCHIMBA.
Mwenye machimbo alikitukana kibao wiki nzima.
Nguzo nilizichonga mimi.
Nililipwa risiti.

Lakini la mia na tisa lilikuwa limekwisha vuka maji.
Limo Shela, ndani ya ukuta wa nyumba ya wageni,
limepakwa chokaa, jeupe kama mengine yote.
Ijumaa nikivuka hupita kichochoro kile,
natia kiganja ukutani, hapa, pale, chini kidogo,
natafuta alama ya tindo yangu
(pigo langu la tatu hupinda, tangu nilipoumia kidole).

Juzi mlinzi akanisogelea na rungu lake.
"Mzee, umepoteza nini?"
Mlango, nikamwambia. Wa jirani.
Akautazama ukuta, akanitazama,
akaugonga kwa rungu, polepole, mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi.