Duka la Jirani

Bonde la Mpunga siku hizi halina mpunga.
Lina maghorofa, saluni, gereji,
na mtaro mmoja nyuma ya ukuta wa kanisa
ambamo niliukuta umesimama kwenye maji ya sabuni:
mpunga mwitu, mrefu kunizidi,
masuke yana ndevu, punje zinapukutika ukizigusa,
kila moja na njia yake,
kama wadaiwa waliosikia hodi.

Hauliwi. Hauuzwi.
Lakini kimyanga, kinachotia manjano shamba la mama Kyela,
kilipita hapa kikakuta mlango umekomewa.

Nikaupeleka maabara Mikocheni, tukauoza kwa Supa
(kuoza kwa harusi, si kwa uvundo)
na mtoto tukamrudisha kwa mamaye mara nne,
hadi ndevu zikapotea.

Jeni yenyewe hatuioni.
"Sasa tutaijuaje?" Tumpe aliuliza, wiki yake ya kwanza.
Nikamjibu kama ninavyomwelekeza mgeni kwangu,
nyumba isiyo na namba:
shuka Luhanga, uliza duka la Mangi, lina mlango wa bluu;
mlango unaofuata ni wangu.
Hatutafuti nyumba, Tumpe. Tunatafuta duka.

Jenereta inanguruma. Tunadondosha vinasaba
kwenye vishimo vya jeli, umeme unavivuta taratibu,
na chini ya taa ya zambarau vistari vinawaka:
lipo, halipo, halipo, lipo.

Mche wa kumi na saba ulikuwa nalo,
kistari kinang'aa kama meno ya bwana harusi.
Tukauambukiza kimyanga.
Siku ya kumi na nne, madoa ya manjano.

Tumpe aliutazama jani kwa jani.
"Duka lipo," nikasema, "nyumba imehama."
Hutokea. Kromosomu hukatika, huunga kwingine,
na mgeni anabisha hodi kwa watu asiowajua.
Tangu siku hiyo tunauliza maduka mawili,
la kushoto na la kulia.

Jumapili mama alipiga simu.
Hakuuliza jeni.
"Utanukia?"
Nikasema bado, mama, ni mpunga tu,
haujawa mchele, sembuse wali.
Akaguna. Kuguna kwake nakujua.

Mtaro umefukiwa kifusi, wanajenga fremu za maduka.
Kwenye friji ya maabara,
kando ya mtindi ambao Tumpe amekatazwa kuuweka humo,
kuna bahasha ya kaki:
punje arobaini na moja.
Nimezihesabu mara mbili.