Kikombe cha Asubuhi

Kabla kasuku weusi hawajaamka mikaratusini,
mama ameshaamka, anakohoa.
Si kikohozi cha vumbi. Hicho tunakijua,
huja na upepo, huondoka nao.
Hiki kina mizizi. Kinavutwa kutoka chini
kama ndoo ya kisima kirefu,
kamba inakwaruza ukuta, inakwama, inavutwa tena,
mpaka kikombe cha plastiki kipokee
kile kile kilichopokea jana.
Nakiinua dirishani: kijani, na uzi mwekundu.
Leo uzi ni mmoja. Naandika: mmoja.

Mbwa humngoja amalize, ndipo wabweke.

Nampigapiga mgongo, kiganja nimekikunja kama bakuli,
kushoto, chini ya mbavu, pale picha ilipoonyesha
vijia vya hewa vimetanuka, vimelegea,
vinahifadhi uchafu kama mto wetu uhifadhivyo maji:
juu mchanga mtupu,
chimba kidogo, kuna unyevu.

Ndege ya madaktari imemchukua mara sita mwaka huu.
Rubani anajua kwamba Rosina hapendi dirisha.

Mara ya sita, Alice Springs, Dokta Nirmala
alivuta kiti kifupi, akakaa chini ya kimo chetu,
nikajua kuna neno.
Akakitaja kirusi: herufi nne, tarakimu moja.
Nikageuka nitafsiri.
Lugha yetu hujua kutofautisha unyayo wa aliyechoka
na unyayo wa aliyebeba mtoto,
lakini kwa hiki nilikosa pa kushika.
Nikasema: Mama, kuna mgeni kwenye damu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Huyu alikuja kabla ya uzio, kabla ya ng'ombe,
kabla ya mzungu wa kwanza kuuliza maji yako wapi.
Kwa wengi hulala tu, hafanyi fujo, wanazeeka naye.
Kwa wengine huamka
akahamia kifuani.

Mama akauliza: Aliingilia wapi?
Dokta akatazama mikono yake.
Pengine maziwa, alisema. Pengine uchangani.

Kimya. Mashine ya oksijeni ikahesabu badala yetu.

Kisha mama akacheka, cheko likageuka kikohozi,
akanishika mkono mpaka kipite.
"Mwambie. Mwaka ule wa ukame
mama yangu alininyonyesha njia nzima,
kisima hadi kisima, yeye mwenyewe hajala.
Angenipa nini? Mchanga?"

Nilitafsiri yote. Mchanga nilitafsiri mara mbili.

Tukauliza dawa. Hakuna.
Tukauliza kwa nini hatukupimwa zamani.
Kipimo hakimo kwenye orodha, alisema,
na sauti yake ilikuwa na aibu isiyo yake.
Orodha ipo mbali, kwenye jengo lenye zulia,
na watu wa kule
hawaamshwi na kikohozi cha mtu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Nimelielewa neno hili kwa njia mbaya.

Dada yangu alikuwa na miaka arobaini na miwili.
Jina lake hatulitamki sasa, ni Kunmanara,
na binamu aliyekuwa wajina wake
naye ni Kunmanara mpaka majonzi yapoe.
Kwenye cheti waliandika: nimonia.
Nimonia ya saba. Hakuna aliyeuliza
sita za kwanza zilitumwa na nani.

Jioni mama anacheza karata, anaiba, anashinda.
Anataka chai yenye sukari nne.
Usinitazame kama maiti, ananiambia,
gawa karata.

Damu yangu waliichukua Jumanne.
Iliondoka kwenye kisanduku cha barafu, chini ya kiti,
pamoja na barua na tairi la mtu.
Wiki ya tatu hii. Simu ya kliniki
inalia kwa mambo mengine.

Sasa kasuku wamepita. Kikombe nimekiosha.
Shanika ameamka, ana miezi minne, ana njaa,
analia kwa mapafu yake yote mawili, mapya, safi.
Mama ananitazama toka kwenye godoro. Hasemi.
Vidole vyangu viko kwenye kifungo cha blauzi,
kifungo cha kwanza.