Kadi ya Tatu

Karani wa mahakama pale Vihiga
ana sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni:
"Shahidi wa nne, Kisia Adolwa. Shika Biblia, mkono wa kulia."
Biblia yenyewe imebanwa kwa mpira wa kufungia noti,
kingo zimelainika kwa viganja vya watu
wa kesi za ng'ombe, za mipaka, za matunzo ya watoto.
Sikuishika.

Nikasema, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo moja:
"Mheshimiwa, mimi si mtu wa dini."

Mabenchi yalilia.
Mwalimu Kavulani, aliyenifunza darasa la sita,
akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa,
aone kama bado ni mimi.

"Mwislamu?" Mkono wa karani ulikuwa tayari kwenye droo.
"La."
"Basi utaapa kwa nini?"

Kiapo huliwa, ndivyo tusemavyo.
Yamini huliwa. Hongo nayo huliwa, kwa kinywa kile kile,
na mara nyingi siku ile ile.
Mimi tangu alfajiri nilikuwa na chai ya rangi tu tumboni.

Sheria ina kadi ya watu wa aina yangu.
Karani akaitafuta: funguo, mshumaa, dawa ya kichwa,
risiti za mwaka ambao hakimu huyu bado alikuwa shuleni.
Mwishowe askari akainama,
akaichomoa chini ya mguu wa kizimba,
imekunjwa mara nne, ilikuwa inazuia kisiyumbe.
Ndipo nikasoma, "Ninathibitisha kwa dhati na kwa kweli,"
huku mbao zikicheza chini ya viatu vyangu.

Nyanya yangu Mmbone alisoma maneno haya haya
mwaka wa sitini na nane, kesi ya shamba la mtoni.
Yeye alikuwa wa Marafiki, wale wa kuketi kimya
mpaka Roho aguse mtu.
Walipompa Kitabu alikirudisha kwa mikono miwili:
"Hiki ndicho kilichonikataza kuapa."
Alikufa akiniombea nirudi kanisani.
Sikurudi. Lakini tazama, nyanya,
wewe kwa kumcha kupita kiasi, mimi kwa kutomwona kabisa,
tumepitia tundu moja la sindano.

Wakili wa mzee Lugalia akasimama, akakunja mikono ya joho.
"Mtu asiyeogopa moto, mahakama imwaminije?"
Hakimu akamwambia aulize la maana.
Jibu nilikuwa nalo, likabaki kooni:
naogopa gunia la Bi Kageha.

Kwa sababu kalamu ilikuwa yangu.
Miezi minane kwenye kituo cha kupimia chai,
kila gunia nikiandika pungufu:
kilo moja ya gunia lenyewe, kilo nyingine ya hewa,
na hewa ile ikipanda kila Jumamosi
kwa mzee Lugalia, mwekahazina wa kanisa,
aliyekibusu Kitabu jana mbele ya watu hawa hawa
akasema mizani ni mbovu.
Mizani ni mizima. Nilisema hivyo.
Nikasema na fungu langu: shilingi mia nne kwa wiki.
Hakuna aliyeniuliza hilo.
Bi Kageha alikuwa dirishani, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai,
akihesabu, nadhani, kurudi nyuma.

Tulipotoka askari alikuwa keshaikunja kadi,
keshairudisha chini ya mguu wake.

Mwalimu Kavulani akanifuata hadi kwenye bomba la maji.
Nilidhani atanihubiria.
"Kisia," akasema, "karani aliwaambia mkono wa kulia.
Wako ulikuwa wapi?"
"Mfukoni, mwalimu.
Ulikuwa unatetemeka."