Betri ya Sarafu

Saa nane usiku, Ndosho. Umeme umerudi.
Nabonyeza. Feni inazunguka mara tatu, inazimika.
Tena. Mara tatu, inazimika,
kama mtoto anayebisha hodi na kukimbia.

Jana niliipandisha: nne nukta sita.
Ikakubali. Nikasema basi, nne nukta nane,
na volti kidogo, chumvi tu ya mchuzi.
Paluku alinionya: mashine haikatai, inanyamaza.

Nimeifungua ubavu. Vumbi jeusi la Nyiragongo
limelala kwenye mapezi ya shaba,
lile lile tunalofagia kizingitini.
Nalipuliza. Nang'oa kijiti kimoja cha kumbukumbu.
Bado.

Masika anageuka kitandani: "Tasnifu yangu imo humo?"
"Imo." Sisemi zaidi.

Kwa ncha ya kisu naitoa betri, ndogo kama sarafu
isiyonunua hata kiberiti.
Nahesabu hadi mia tatu, isahau nilichoiamuru,
isahau na ujeuri wangu.

Nabonyeza.
Mlio mmoja, mfupi.
Kioo kinadai leo ni Januari mosi,
mwaka ambao sikuwa nimeigusa.
Tatu nukta saba. Pole pole.
Nakaa sakafuni nikisikiliza inavyopumua,
na kidole kimeanza kuniwasha.