Orodha ya Asila

Umeniandikia kutoka Al Khoudh, bwenini:
"Shangazi, nipe vitabu vitano vya siasa na jamii,
vizuri, visiwe virefu, Jumapili nina mtihani."
Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia.

Miaka ishirini na sita nimesahihisha nakala
katika kiwanda cha chapa kule Ruwi,
kalamu nyekundu, macho yakiwasha.
Hotuba nilizisoma kabla ya waliozitoa.
Kwa hiyo ninayo haki ya kuchagua, na ya kununa.

Anza na kile chembamba, pembe zimejikunja,
cha karani wa falaji wa upande wetu huu wa Ibra.
Hakina neno "serikali" hata mara moja.
Kinasema tu nani ana maji, na saa ngapi:
nusu saa ya huyu alfajiri, nusu saa ya msikiti,
robo ya mjane aliyeuza zamu yake
apate sanda ya mwanawe.
Ukimaliza, kasimame penye mfereji
utazame mitende ya nani imenona.

Cha pili ni kinene, cha profesa mmoja wa Kuwait.
Sura tatu za mwanzo ziruke, anasafisha koo.
Ya nne isome mara mbili, ile ya mji
uliojengwa na watu ambao hakuna hata kichochoro
kilichopewa jina la mmoja wao.
Halafu niambie anayefagia bweni lenu anaitwa nani.
Najua hujui.
Mimi wetu wa chai pale kiwandani
nilimwita "rafiki", kama wote wanavyowaita,
miaka sita, rafiki lete, rafiki ondoa,
hadi karatasi ya mchango ilipopita mezani
kusafirisha maiti yake:
Sukumaran.

Cha tatu, mwandishi wake simpendi.
Anajua kila kitu, na wanawake kawaweka
chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.
Kisome hivyo hivyo. Pembeni nimeandika "mwongo!"
mara kumi na moja,
na mara mbili, kwa penseli hafifu, "kweli".

Cha nne nilimwazima ami yako Khalfan. Hakikurudi.
Jua basi kwamba kilikuwa kizuri.

Cha tano hakijapita kiwandani.
Ni daftari, limo kwenye sanduku la bati chini ya mashuka,
la babu yake babu yangu, la Wete,
mchwa wamelila upande mmoja.
Uliwahi kulishika ukiwa na miaka tisa
ukasema, "Kiarabu gani hiki, kibovu!"
Si Kiarabu, mwanangu.
Herufi utazijua zote, maneno yatakugomea
mpaka uyatamke kwa sauti.
Hapo utasikia ni Kiswahili,
hiki hiki ninachokusemesha
nawe ukanijibu kwa lugha ya shule.

Karafuu, frasila arobaini.
Kaniki, jora tatu.
Majembe, kumi na mawili.
Feruzi, mmoja.

Nilidhani ni kito. Miaka mingi nilidhani hivyo,
hata nikamuuliza mama pete ile alirithi nani.
Kisha siku moja nikafungua ukurasa ulioganda,
nikaupuliza, nikaubandua kwa wembe:
"Feruzi, homa. Siku nne hana kazi."

Kito hakipati homa.

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi.
Sikujua niweke alama gani, wala wapi.
Sebuleni babu yuko ukutani na jambia lake,
fremu ya dhahabu, tunaifuta vumbi kila Ijumaa.
Baba yako anasema karatasi za zamani
huleta mchwa ndani ya nyumba.

Vile vitatu nitampa dereva akuletee kesho.
Hili daftari silitumi.
Njoo Alhamisi, hata kama mtihani haujaisha kichwani.
Wewe utasoma herufi, mimi nitasikia maneno,
na mlango wa sebule tutauacha wazi,
baba yako akiwa pale anakunywa kahawa.