Msumari wa Kavaya

Mkaratusi wa Jahenda, hapa Chavakali,
uliinamia kila kitu alichobaki nacho:
jiko, choo, waya wa stima,
na kaburi la Kavaya, lililosakafiwa mwaka jana.
Maragoli hatuna nafasi ya mti kulala.
Kwetu mti hushushwa vipandevipande,
kama kitanda kipana kwenye mlango mwembamba.

Nilikuja na pawa mbili.
Ile mpya, nyepesi,
niliichukua kwa mkopo wa Sacco, bado miezi saba.
Unaivuta mara moja, inaitika
kama mtoto aliyelelewa vizuri.
Ukiteleza, breki inauma mnyororo
kabla hujamaliza kusema mama.
Hiyo ndiyo hupanda nami, ikining'inia mshipini.

Nyingine ni ya mjomba Lidonde.
Nyekundu iliyosahau kuwa nyekundu,
uzito wa ndama.
Haina breki. Breki yake ilikuwa paja la mjomba,
na lile kovu, kutoka gotini kwenda juu,
watoto tulilipima kwa vidole: kumi na vitatu.
Hunywa oili maradufu. Asubuhi za baridi
unabembeleza kabureta, unavuta, unapumzika,
unaitukana kwa Kimaragoli, ndipo inaamka.
Kiswahili haielewi.

Haya. Matawi yakashuka kwa kamba,
Mudaki ameizungusha kwenye shina la mparachichi,
akilegeza, akilegeza,
majani yakapita juu ya kaburi bila kuligusa.
Saa nane likabaki gogo tupu.
Upanga wa ile mpya haukufika upande wa pili.
Nikaiita ya mjomba.

Nilikata mdomo kuelekea kitalu cha mrenda
(Jahenda alikuwa ameshachuma wote),
nikaacha bawaba, unene wa vidole vitatu,
nikagonga kabari. Gogo likaketi chini
na vikombe vikalia kabatini.
Nikaanza kuligawa.
Pande la nne ikatoka sauti ambayo mti hauna.
Cheche. Harufu ya chuma.
Nikazima, nayo ikachukua muda wake kuzimika,
kama mzee anayekatizwa hadithi.

Jahenda akaja, chai mkononi.
"Ni msumari," akasema, kabla sijauona.
"Kavaya aliupigilia, wa kutundikia redio akilima.
Mti ulikuwa hivi." Akagusa paja lake.
Kisha akacheka: "Nami miaka yote
nilidhani aliung'oa akatengenezea kiti."

Mudaki aliuliza kama mzee huyu
tumpeleke Mbale kwa wanunuzi wa vyuma, kwa kilo.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu meno:
saba yamekwenda, la nane linatikisika.

Kwa ile mpya nilimkatia Jahenda kipande,
unene wa mkate, nikiuzunguka msumari kwa mbali,
nao ukabaki pale, mweusi, umezungukwa na pete za miaka.
Akakiweka juu ya kabati, chini ya kalenda.
Akanilipa tulivyopatana,
akafungua tena fundo la leso,
akaongeza mia mbili.
"Za tupa," akasema.